Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeruka kwa upondo

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeitazama kwa makini video uliyonitumia, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu wapo vijana wengine wanaojifunza kuruka kwa upondo, ile fimbo ndefu inayopinda, bila kupata mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili yanayotokea mara tu mguu unapoiacha ardhi. Mbio zako ni nzuri, na upondo unautia kwenye kisanduku, kile kishimo cha ardhini mwishoni mwa njia ya kukimbilia, kwa wakati wake. Kasoro inaanzia pale unapopaa: unalikunja mapema goti la mguu wa kushoto, unajivuta kwa mikono, kisha unainua kichwa kuutafuta mwamba, ule ufito wa juu unaopaswa kuuvuka. Yote matatu yanatokana na haraka ya kufika juu kabla upondo wenyewe haujasogea.

Ukiwa hewani kuna mizunguko miwili inayokwenda sambamba. Upondo unazunguka kutoka kwenye kisanduku hadi usimame wima, na wewe unazunguka ukiwa umening'inia kwa mkono wa juu, yaani wa kulia. Mwili ukinyooka, uzito wako hubaki chini na upondo husonga mbele kwa urahisi kuelekea kwenye magodoro. Ukijikunja mapema, unapinduka upesi na uzito unapanda, lakini upondo unapoteza kasi na huenda ukasimama kabla ya kufika wima. Ndiyo maana unaufikia mwamba ukiwa umekwisha kuanza kushuka, ingawa kimo ulichokipata kingetosha kuuvuka.

Mtazame Sergey Bubka wa Ukraine, aliyeruka mita 6.14 mjini Sestriere, Italia, mwaka 1994. Kocha wake, Vitaly Petrov, alisisitiza kwamba mrukaji asiwe mzigo unaobebwa na upondo, bali aendelee kuutia nguvu tangu anapopaa hadi anapouachia. Simamisha picha pale Bubka anapoiacha ardhi: kifua kimetangulia, goti la kulia limepanda, na mguu wa kushoto umebaki nyuma, mrefu, ukiwa umevutika kuanzia nyongani. Kisha mguu huo unafagia kwenda chini na mbele ukiwa bado umenyooka, kwa nguvu, na hapo ndipo upondo unapozidi kupinda. Yelena Isinbayeva wa Urusi alikuwa chini ya kocha huyohuyo alipoweka rekodi ya dunia ya wanawake ya mita 5.06 mjini Zurich mwaka 2009, na mguu wake wa kushoto unafanya kazi ileile. Kwangu mimi, mguu huo ndio moyo wa mruko wote.

Mkono wa kushoto nao usiukaze kuusukuma upondo mbali nawe, kwani ukifanya hivyo kifua kinazuiwa na mguu unakosa nafasi ya kupita. Uache ulegee kidogo huku mkono wa kulia ukiwa umenyooka kabisa. Mguu ukishaupita upondo, shusha mabega nyuma na uinue kiuno, na miguu uielekeze juu, usawa wa mkono wa kulia, wala si kwenye mwamba. Wengi huupigia mwamba teke wakati upondo unanyooka, na nguvu iliyokuwa iwapandishe juu inawatupa mbele. Armand Duplantis wa Uswidi, aliyeruka mita 6.30 mjini Tokyo mwaka 2025, anabaki kichwa chini, kiuno kikiwa karibu na upondo, mpaka upondo unapokaribia kunyooka. Ndipo anapojivuta, kugeuka na kujisukuma. Kasi yake mbiono inapita mita 10 kwa sekunde, na hilo usilihangaikie kwa sasa.

Kwa kuwa tangu kupaa hadi kuuachia upondo hazifiki sekunde mbili, hutapata muda wa kufikiri ukiwa huko. Mazoezi yafanyike kwanza kwenye chuma cha kuning'inia: mguu wa kushoto uanzie nyuma, ufagie ukiwa mrefu hadi vidole viguse chuma, mikono ikiwa imenyooka muda wote. Baadaye rudi uwanjani na mbio fupi za hatua sita, ushike upondo chini kuliko kawaida, mwamba uondolewe kabisa, na lengo liwe moja tu, kutua katikati ya magodoro ukiwa umeubembeza mguu bila kuukunja. Usihamie upondo mgumu zaidi mpaka hilo liwezekane kila mara, maana upondo mgumu usiosukumwa ipasavyo unaweza kukurudisha kwenye njia ya kukimbilia, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mwoneshe kocha wako barua hii kabla ya kubadilisha chochote; yeye anakuona kila siku, nami nakuona kwenye simu.

Video ijayo ipigwe kutoka ubavuni, usawa wa kisanduku, mtu asiisogeze simu, ili nikuone tangu hatua ya mwisho hadi mikono inapouachia upondo.

Mjomba wako