Ile winchi ni ya Rukia

Birmingham, Jumapili

Kaka Bakari,

Shikamoo. Mimi na wapwa zako hatujambo kabisa, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu, kama tulivyofundishwa kuandika. Pesa ya bati nimeshatuma, laki nne, iko kwenye simu ya Mama. Fundi asipewe zote kwa mkupuo, unamjua. Ya pikipiki nimesikia. Sijakataa, sijakubali.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na nikipandisha sauti unampa Mama aongee. Barua huna wa kumkabidhi.

Lile pipa la mizigo nililowatumia nililifunga kwa mkono wangu. Vitu vya kuchezea vya watoto vyote niliviandika majina kwa maka peni, herufi kubwa, hata Mama bila miwani angesoma. Winchi: RUKIA. Vyombo vya kupikia: ABUU. Juzi napokea sauti kutoka simu ya wifi Zaina, Rukia ananiambia, "Shangazi, ahsante kwa visufuria." Visufuria! Nikadhani kakosea. Nikamuuliza, na winchi je? Kikapita kimya, halafu: "Baba kampa Abuu." Na nyuma yake namsikia Abuu analia kwamba gia imeingia chini ya kabati.

Kaka, winchi ile ina gia, kamba, mota ya betri na spana mbili ndogo za chuma kweli. Mtoto anafuata picha, anafunga skrubu moja moja, na akikosea gia ndoano haipandi, inabidi afumue aanze upya. Nilimchagulia Rukia kwa sababu ndiye aliyeifungua redio ya marehemu babu akaifunga tena ikaongea. Video ulinitumia wewe mwenyewe, unacheka nyuma ya kamera. Na Abuu nilimpelekea vyombo kwa sababu kila nikipiga asubuhi namkuta amekalia mbuzi ya kukunia nazi, anamsumbua mama yake ampe mwiko akoroge uji. Nawajua wale watoto, ingawa niko huku.

Nilipouliza ukaniandikia, "Uzungu huo usituletee." Maneno matatu, na mkono wa kuaga.

Basi nikueleze uzungu ulivyo, maana mimi ndiye ninayeishi nao. Ukiingia duka la nguo za watoto huku, upande mmoja ni pinki tupu, upande wa pili bluu na kijivu. Fulana za wasichana zina vipepeo, mioyo na maandishi ya kumsifia mtoto uzuri wake. Za wavulana zina dinosaria, roketi, matrekta. Ukiulizia toy, kabla hujamaliza sentensi muuzaji anataka kujua ni wa kike au wa kiume, ili ajue akupeleke rafu ipi. Mimi nilimjibu, ni mtoto anayefungua redio. Akabaki kunitazama.

Mwaka jana nilimnunulia Salma suruali. Unamjua Salma, haokoti kitu akakiacha: konokono, vijiwe, vifuniko vya soda. Akaja analia kwamba mkono hauingii mfukoni. Kutazama, mfuko wenyewe hakuna! Ni mshono tu umepitishwa kwa nje ukapinda kama mfuko, na kifungo juu yake cha kuzugia. Suruali ya Idi, duka lilelile, bei ileile, ina mifuko minne na anaweza kurudi na nusu ya bustani. Viatu vivyo hivyo: vya msichana soli nyembamba na kifundo wazi, vya mvulana vya kupiga mateke. Mimi mwenyewe siku hizi nanunua raba za wavulana. Mguu wangu mdogo unaujua, na nguo na viatu vya watoto huku havikatwi VAT, kodi ya mauzo. Nalipa kidogo na zinadumu mwaka.

Baiskeli nayo. Ya Salma ilikuwa pinki, ilipomwishia kimo Idi akaikataa, kisa wenzake shuleni watamcheka. Hapo ndipo utajua biashara ilivyo: ukigawa rangi, nyumba yenye mtoto wa kike na wa kiume inanunua kila kitu mara mbili. Mimi sikununua. Niliipiga msasa, nikaipulizia nyekundu, na Idi anaringa nayo mtaa mzima. Anadhani mpya.

Sasa sikiliza. Huo mpango wa pinki na bluu wenye nchi wenyewe wanaukataa. Mama mmoja ninayekutana naye getini nikimchukua Salma ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 2012 wazazi wa Uingereza walianzisha kampeni inayoitwa Let Toys Be Toys, wakayaandama maduka mpaka mengi yakaondoa mabango ya "wavulana" na "wasichana" kwenye rafu za toy. Mwaka 2017 Clarks, hao hao wa viatu vya shule, walipigiwa kelele kwa sababu kiatu cha wasichana walikiita Dolly Babe na cha wavulana Leader. Wakakiondoa kile cha wasichana. Mwaka huohuo John Lewis, wenye maduka makubwa, wakafuta lebo za jinsia kwenye nguo zao za watoto. Tangu Juni 2019 hata matangazo ya biashara yana kanuni yake: huwezi kumwonyesha baba ameshindwa kumbadilisha mtoto nepi eti kwa kuwa ni mwanamume. (Hapo najua wifi Zaina anacheka.) Na muulize Shaabani huko California: duka kubwa lenye wafanyakazi 500 na zaidi, tangu 2024 sheria inalitaka liwe na sehemu ya toy isiyotenga wa kike na wa kiume.

Na hiyo pinki yenyewe ina kisa. Mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani liliandika kwamba pinki ndiyo ya mvulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu ya msichana kwa sababu imepoa. Kinyume kabisa cha leo! Iko picha ya Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wao wakati wa vita, iliyopigwa mwaka 1884 akiwa na miaka miwili na nusu: sketi nyeupe, nywele mabegani, kofia ya manyoya mkononi. Hakuna aliyeshangaa, watoto wote wadogo walivishwa hivyo.

Kwa hiyo nani kaleta uzungu kati yangu na wewe? Alipotaka kujifungua yule binti wa Mikanjuni, nani alituma kwenye kundi video ya maputo ya pinki na bluu na ile fataki ya unga ya kutangaza kama ni wa kike au wa kiume, watu wazima wanaruka kwa furaha? Bibi zetu walijua mtoto akitoka. Akifungwa kanga anafungwa kanga, yoyote iliyo safi. Nguo tulivaa za mitumba, belo likifunguliwa kinachoenea ndicho chako. Una picha kwenye albamu ya Mama, darasa la pili, umevaa fulana ya paka mwenye utepe, umetoa kifua mbele. Hao vijana wa bodaboda wa Lushoto asubuhi za baridi wanavaa makoti ya kike yenye kola za manyoya na mkanda kiunoni, na abiria wanapanda.

Najua unachokiogopa kwa Abuu. Hukukitaja, ila nilikusikia ukikohoa. Kama sufuria lingekuwa linamgeuza mtu, wapishi wote wa pilau Ngamiani wangekwisha geuka siku nyingi. La harusi yako alipika nani? Mzee Jumbe na wanawe, vifua wazi, wanageuza wali kwa makasia. Chipsi zako za usiku anakukaangia nani? Sijamwona hata mwanamke mmoja kwenye lile banda. Na gauni la Rukia la Idd alilishona mwanamume, cherehani kaiweka barazani, mchana kweupe.

Lakini sitasema kwetu kulikuwa pepo, maana nilikuwepo. Toy tulitengeneza wenyewe na hazikuwa na rangi ya kike wala ya kiume, ila jua likikaribia kuzama nani aliitwa ndani? Wewe uliendelea na chandimu mpaka mpira hauonekani. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Unalikumbuka gari langu la waya, magurudumu ya kandambili, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama? Lilikata kona. Lako lilikuwa linakwenda upande kama kaa. Babu akaliona langu pale uani, akalishika, akaligeuza, akasema, "Bakari ana mkono wa fundi." Ukanyamaza, kaka. Ukanyamaza na ukapewa shilingi.

Sijakudai. Natangaza tu.

Maana mkono wenyewe wa fundi ndio huu unaoandika. Sikukwambia vizuri siku ile kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika: tangu mwezi wa tatu mimi ndiye msimamizi wa zamu ya usiku gereji. Basi la ghorofa likiingia breki zinapiga kelele, hawamwiti mwingine, wanamwita Hawa. Wanaume wazima, wengine wameanza kazi kabla sijamaliza shule, wananisubiri niseme kama gari linatoka asubuhi au linabaki. Sanduku la spana ni langu na jina nimelichonga. Ovaroli tu ndizo zimeshonwa kwa mabega ya dume, nakunja mikono mara tatu na mfuko wa kifua unaniangukia tumboni. Nimewaandikia. Wamesema wataleta za kike, na mimi naziogopa, maana najua habari ya mifuko yao.

Kazi ni kazi, mgongo unajulikana kuwa ni mgongo. Hayo tuyaache.

Ila nikitoka zamu saa moja asubuhi, giza bado limekaa, nakata mkate na siagi na kusema kweli siuoni. Nauona muhogo wa nazi wa Mama. Namwona na yule ngisi mliyemnunua soko la samaki la Deep Sea mkanitumia picha, makusudi, najua ni makusudi. Salma kaniuliza juzi mjomba anaongea vipi, nikajaribu kuiga sauti yako, tukacheka wote watatu mpaka jirani akagonga ukuta. Idd hii tulisali kwenye ukumbi wa michezo. Watu wengi, vyakula vingi. Hakuna aliyebisha hodi jioni. Nikakumbuka yale mabanda ya vitu vya watoto, bastola za maji, miwani ya plastiki, wanasesere wa nywele za dhahabu, na Rukia alivyosimama mbele ya bastola mkamvuta kwa mwanasesere. Ile video pia mlinitumia. Msinitumie video kama hamtaki nione.

Sasa maagizo, na haya si ya kujadili, kwa sababu mimi ni shangazi na shangazi ana haki yake.

Winchi arudishiwe Rukia. Ile gia itafutwe, kabati lisogezwe, mtu mmoja ashike kila upande. Kama haionekani nipigie picha ya zilizobaki, nitajua ipi imepotea na nitaagiza, zinauzwa moja moja. Abuu asinyang'anywe kwa kipigo. Mpe vyombo vyake na mwambie vimetoka kwa shangazi, na wifi Zaina amtilie unga halisi kidogo, si mchanga. Akitaka kucheza na winchi amwombe dada yake, na Rukia akitaka visufuria amwombe mdogo wake. Wataelewana kabla yetu.

Mama usimwambie nimekasirika. Mwambie nimesema bati ziwe geji 28 na si zile za kung'aa.

Pipa lingine linaondoka kabla ya shule kufungwa. Nataka saizi ya Rukia: akanyage karatasi, umchoree mguu kwa penseli imesimama wima, usiilaze, halafu upime kwa rula. Nimeona raba nzuri za soli nene. Ni bluu, zina roketi pembeni, na nimeshauliza, zipo za namba zote. Wewe saizi yako naijua, bado arobaini na tatu, ila sema kama unataka za kamba au za kuvaa tu.

Wasalimie wote, Mama, wifi, wa nyumba ya pili, na Mzee Jumbe ukimwona.

Mdogo wako,
Hawa

N.B. Habari za kiwanja cha Pongwe zimenifikia. Mwambie Hamza asitie sahihi karatasi yoyote mpaka niongee naye, hata wakija na mwenyekiti.