Dumu la sinthetiki si kibali cha kuruka sevisi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wamiliki wa malori na madereva wao kuhusu oili ya injini. Siku hizi, kuanzia Kariakoo hadi Tunduma, hukosi duka la vipuri lenye dumu la oili ya sinthetiki (iliyoundwa kwa kemia) la bei mbaya na muuzaji anayeapa kwamba ukishalimwaga kwenye injini utasahau sevisi hadi kilomita 60,000. Namba hiyo hakuitunga yeye. Watengenezaji wa malori wa Ulaya huruhusu kilomita 60,000, wengine hata 100,000, kwa injini zao za karibuni. Lakini ruhusa hiyo ina masharti, na masharti ndiyo yasiyofika dukani: barabara kuu isiyo na vumbi, dizeli yenye salfa isiyozidi ppm 10 (sehemu 10 kwa milioni), filta halisi, matumizi ya mafuta yasiyovuka kiwango, na oili yenye namba ya idhini ya kiwanda kilichounda injini. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam likiwa na uzito wote wa tani 56, likapanda mlima wa Kitonga, kisha likalala foleni mpakani injini ikiwaka ili dereva apate kiyoyozi, halimo katika masharti hayo.

Hatusemi sinthetiki haifai. Kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, faida yake ni ya kweli. Lori likiwa linavuta mlimani, shafti ya turbo huzunguka karibu mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa joto la nyuzi 600 au zaidi, na kinachoitenganisha na beringi zake ni utando mwembamba wa oili. Ukizima injini ghafla, pampu ya oili husimama hapo hapo, lakini chuma cha turbo bado cha moto. Oili iliyobaki mle ndani huungua ikageuka kaa gumu, na kaa hilo huanza kuziba bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo. Sinthetiki huchelewa kuungua na hupungua kidogo kwa kuvukizwa na joto. Huchelewa tu. Dereva anayesimama juu ya Kitonga kukagua matairi na kuzima papo hapo anaua turbo kwa oili yoyote ile. Aiache injini iungurume taratibu dakika tatu, na baada ya mlima mkali dakika tano.

Hapohapo tuseme jambo linalowagharimu wengi. Turbo ikifa, usifunge mpya ukaacha bomba la zamani la kulishia oili. Lina kaa ndani, na turbo mpya itakufa kifo kilekile. Badilisha bomba, hakikisha bomba la kurudisha oili kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) halijaziba wala kukunjika, mimina oili safi kidogo kwenye tundu la kuingilia huku ukizungusha shafti kwa mkono, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha hadi presha ya oili ionekane. Turbo inayovuja oili kwenye bomba la hewa mara nyingi haina kosa: bomba la kurudishia au tundu la kupumulia la injini limeziba, oili ikakosa pa kwenda.

Sasa kosa kubwa katika mazungumzo ya dukani. Sinthetiki ni sifa ya oili ya msingi tu, yaani mafuta yenyewe kabla ya kutiwa viambato. Kazi ya kuosha, kubeba masizi na kuua asidi hufanywa na viambato vilivyochanganywa humo, na hivyo huliwa kwa kazi, oili iwe ya bei gani. Vumbi likipita kwenye ea klina iliyopasuka, halijali umenunua dumu gani. Dizeli inayovuja kwenye nozeli huipunguza mnato (uzito wake) sinthetiki kama inavyoipunguza oili ya kawaida, na maji ya rejeta huziharibu zote mbili. Mwenye lori ambaye ea klina yake imekaa vibaya, kisha akanunua oili ya bei mara mbili na nusu, atalazimika kuimwaga katika kilomita zilezile 15,000, na humo kamwaga pesa.

Kwa hiyo soma mgongo wa dumu kabla ya kusoma uso wake. Tafuta herufi za daraja za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. CF-4 ni daraja la 1990 ambalo API yenyewe imelifuta, ingawa bado linauzwa kando ya barabara; usilitie kwenye injini ya turbo ya kisasa. CH-4 ilikuja 1998, CI-4 ikafuata 2002, CJ-4 2006 na CK-4 mwishoni mwa 2016. FA-4 ilitoka pamoja na CK-4 lakini ni nyepesi na imekusudiwa injini maalumu, iache dukani. Kisha tafuta ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya: E4 na E7 zina majivu mengi (mabaki ya viambato oili inapoungua) na akiba kubwa ya alkali, ile inayoandikwa TBN, wakati E6 na E9 zina majivu machache. Mwisho, na hili ndilo zito zaidi, tafuta idhini ya kiwanda: VDS kwa Volvo, LDF kwa Scania, 228.5 au 228.51 kwa Mercedes-Benz, M 3277 kwa MAN. Maneno "inafaa kwa" si sawa na "imeidhinishwa na".

Hapa wengi huteleza kwa kudhani daraja jipya ndilo bora kwa kila gari. Lori lenye chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji oili ya majivu machache, kwa sababu majivu hayaungui. Yakijaa kwenye chujio, huna la kufanya ila kulifungua na kulisafisha au kununua jingine. Lakini lori la Euro 2 au 3 (viwango vya zamani vya moshi vya Ulaya) lisilo na chujio hilo, linalokunywa dizeli ya popote, hunufaika zaidi na CI-4 au E4 yenye alkali nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya ppm 50 mwaka 2015, na hilo limetusaidia sana. Dizeli ya madumu kando ya njia ni habari nyingine. Salfa ikiungua huzaa asidi, asidi hula alkali, na ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza muda wa kubadilisha oili ukatwe nusu pale salfa inapokuwa nyingi.

Kuhusu mnato tusipoteze muda. Namba iliyo mbele ya W ni ya baridi ambayo Tanzania haipo, hata Makambako alfajiri ya Julai. 15W-40 inatosha kwa injini nyingi za zamani. Nenda 10W-40 au 5W-30 pale tu kitabu cha gari kinaporuhusu.

Tufike kwenye muda wa kubadilisha. Kosa ni kuhesabu kilomita peke yake. Oili huchoshwa na dizeli iliyoungua juu yake, basi hesabu dizeli. Lori linalokula lita 45 kwa kilomita 100 litaunguza lita 6,750 katika kilomita 15,000. Lenzake linalopanda milima kila safari na kula lita 60 litafika lita hizohizo 6,750 likiwa na kilomita 11,250 tu. Yakipewa tarehe moja ya sevisi, moja linaonewa. Ongeza na saa za foleni: kila saa moja ya injini kuunguruma bila kutembea ihesabu kama kilomita 40 hadi 50. Saa 30 Tunduma au Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni kilomita 1,200 hadi 1,500 ambazo mita haikuziandika. Na saa hizo ni mbaya kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa injini haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua hupita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu.

Ushauri wetu kwa injini ya lita 12 au 13 kwenye njia hizi: CI-4 ya kawaida, kilomita 10,000 hadi 15,000 au saa 300, kinachotangulia. Sinthetiki yenye idhini, anza na 20,000. Usiongeze hata kilomita moja hadi upate majibu ya maabara, kisha panda kwa hatua za 5,000 na kupima kila mara. Ukifika 30,000 kwenye ushoroba huu umefanya vizuri, ridhika.

Sampuli huchukuliwa hivi. Injini iwe imetoka kazini, ya moto. Fungua nati ya sampu, acha oili ya mwanzo ipite, kinga mililita 100 hivi katikati ya mtiririko kwenye chupa kavu na safi, usingoje ya mwisho yenye mashapo. Andika kilomita za oili, saa za injini na lita ulizoongeza njiani. Bila hizo majibu hayasomeki. Mnato kwa nyuzi 100 ukishuka chini ya 12.5 cSt (kipimo cha mnato), oili hiyo si 40 tena, na mtuhumiwa wa kwanza ni dizeli. TBN ikibaki nusu ya ile ya oili mpya, muda umekwisha. Chuma kikikaribia ppm 100, tafuta kinachosagika. Silikoni ikipanda pamoja na alumini ni vumbi: kagua bomba la hewa kati ya ea klina na turbo, hasa chini ya vibano, mahali ambapo mpira huchanika upande usioonekana. Silikoni ikipanda peke yake baada ya injini kufunguliwa, huenda ni gundi ya gasketi tu, usikimbilie kununua ea klina. Sodiamu na potasiamu ni maji ya rejeta. Angalia kipoza oili kabla ya kulaumu gasketi ya kichwa.

Asiye na maabara karibu akate filta ya zamani kwa kikatio cha gurudumu cha kukatia filta, si msumeno unaomwaga vumbi la chuma ndani. Avute karatasi, aikamue, aitandaze juani. Weusi laini ni masizi. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma. Zinazong'aa njano na kukataa sumaku ni beringi, iwe za turbo au za krenki, na lori hilo lisiondoke. Halafu adondoshe tone la oili ya moto kwenye karatasi ya kuchujia na kuliacha hadi kesho yake. Likisambaa kijivu kutoka kati hadi pembeni, viambato bado vinabeba masizi. Likibaki doa jeusi lenye ukingo mkali katikati, vimechoka. Pete ya rangi nyepesi ikitokea nje ya doa, nusa: mara nyingi ni dizeli.

Filta ndizo huvunja hesabu za sinthetiki. Filta ikijaa, valvu yake hufunguka na oili hupita bila kuchujwa, taa ya dashibodi isiseme kitu. Injini ya Volvo D13 ina filta tatu, mbili za mtiririko mzima na moja ya pembeni. Kubadilisha mbili na kuacha ya tatu ni jambo la kawaida mno gereji. Scania yenye chujio la kuzunguka ifunguliwe na kukwanguliwa kila sevisi, na unene wa tope lililoganda uandikwe kwenye daftari.

Ukihamisha injini kuukuu kwenda sinthetiki, sevisi ya kwanza ifanye kwa kilomita 5,000, kwa sababu oili mpya itabandua uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye filta. Sili zilizokauka zinaweza kuanza kuvuja. Na oili ikipungua safarini, dereva awe na galoni ya lita 5 ya oili ileile kwenye kabati. Akiongeza lita 8 za 15W-40 ya kijiweni, injini haitakufa, ila ule muda mrefu umekufa: rudi kwenye kilomita za oili ya kawaida. Utingo naye atoboe kila dumu tupu kabla ya kulitupa, maana dumu zima la chapa kubwa lina soko kwa wanaojaza oili chafu iliyochujwa.

Ombi letu kwako, Mhariri: wauzaji wanaotangaza oili katika gazeti hili watakiwe kuandika daraja la API, la ACEA na namba za idhini za viwanda kwenye tangazo lenyewe. Anayeandika kilomita 60,000 aandike pia ni za injini ipi, kwa dizeli ya salfa kiasi gani.

Mafundi wa injini za dizeli,
Uyole, Mbeya