Usimpe Zuhura hiyo presha kuka

Shosti wangu,

Salamu nyingi sana, sisi wote wazima. Kimya changu cha miezi yote hii uniwie radhi, nitakueleza tukionana maana ni hadithi ndefu na Baraka yumo ndani yake. Leo nimeandika kwa sababu ya voisi yako ya jana usiku. Nimeisikiliza mara tatu, na kila nikifika pale unaposema "ikanirukia mkononi" moyo unanipiga paa.

Basi mkono kwanza. Uliuweka chini ya bomba? Ukiungua namna ile ni maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 nzima, barafu hapana, na hiyo dawa ya meno uliyosema umepaka naomba uisuuze taratibu uitoe kabisa. Kama pametoka malengelenge makubwa au panauma mpaka hulali, nenda ukaonwe. Usijikaze, nakujua.

Haya, mchele. Unasema mchele mweusi umekushinda, umepika dakika 20 kama ulivyoambiwa, ukainua kile kizito cha juu ya mfuniko kinachokalia tundu la mvuke ili mvuke utoke haraka, povu la zambarau likaruka, na ndani wali wenyewe ganda limepasuka ila kiini kigumu. Ndo maana presha kuka unampa Zuhura. Usimpe! Hizo dakika 20 ulipika sawasawa, ila ulifungua mapema, basi. Kosa lote liko hapo, na hata huo mkono uliungua kwa sababu hiyohiyo.

Angalia. Mchele mweupe umekobolewa, pumba yote imetolewa, maji yanaingia kirahisi. Huu mweusi bado umevaa pumba yake yote, weusi wenyewe uko kwenye hiyo pumba, na maji yanapenya pole pole. Kwenye sufuria ya kawaida maji yakichemka ni nyuzi 100, hayapandi tena hata uweke moto wa namna gani, ila humo ndani kwenye presha yanapanda mpaka karibu 120. Ndo maana unaiva haraka kidogo. Sasa wewe ukiinua kile kizito ghafla, presha inashuka palepale na maji yaliyokuwa yametulia yana joto la kupita 100 yanaanza kuchemka yote kwa pamoja, na yana wanga, kwa hiyo yanakuja na povu, na povu halina pa kutokea ila hapohapo kwenye mkono wako.

Yaani ukizima moto, wali unaendelea kujipika. Zile dakika kumi au kumi na tano za kuiacha presha ishuke yenyewe ni za kupika kabisa, zihesabu. Mi mwenyewe niliwahi kufanya hivyohivyo, haraka zangu, wageni wako sebuleni, pazia likapata madoa ambayo mpaka leo yapo. Nilichukua punje moja nikaikata kwa kucha, katikati ilikuwa na nukta nyeupe kama chaki. Nikarudisha mfuniko, nikaongeza maji kidogo, ikapanda tena dakika tano, nikazima nikaiacha kabisa. Nilipofungua punje zimenenepa, nyeusi imegeuka zambarau iliyoiva, zinang'aa, ukitafuna ganda linakataa kidogo halafu ndani laini, na harufu kama karanga zinazokaangwa. Ndo kitu ninachotaka ukile kabla hujaitoa hiyo sufuria.

Kwa hiyo jaribu tena hivi. Chukua vikombe viwili vya mchele, uoshe mara moja au mbili tu uondoe vumbi, usisubiri maji yawe meupe kwa sababu hayatakuwa meupe hata uoshe mpaka kesho, ile rangi inayotoka ni anthosayanini, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye ganda la zabibu nyeusi, ukiendelea kuosha unaimwaga bure. (Baraka alikamulia limau kwenye hayo maji yakageuka mekundu, akashinda anacheza nayo.) Maji ya kupikia weka vikombe viwili na nusu. Zuhura atakwambia vinne, hiyo ni ya sufuria ya kawaida ambayo mvuke unapotea, kwenye presha utapata uji. Ila kama yako inapiga filimbi mara kwa mara na kutoa mvuke mwingi, panda mpaka vitatu. Chumvi, na kijiko kidogo cha mafuta, usikiache, ndo kinachozuia povu. Na usijaze kupita nusu ya sufuria, povu likipanda linaziba tundu la mvuke na hapo ndo hatari yenyewe.

Moto mkubwa mpaka presha ishike, halafu punguza, hesabu dakika 20 kuanzia hapo, sio kuanzia ulipowasha. Zima. Kaa mbali. Usiimwagie maji, usiinue kitu, na mfuniko ukikataa kufunguka usiulazimishe, ina maana presha bado imo. Ukiuloweka mchele usiku kucha, dakika 15 zinatosha. Ila kungoja kuko palepale, hakupunguzwi.

Na huo uliobaki kwenye mfuko utie kwenye chombo kinachofunga vizuri uweke kwenye friji, pumba yake ina mafuta, ukikaa kwenye joto muda mrefu unachacha na kuwa na harufu mbaya, halafu utasema tena mchele ndo mbaya.

Sasa niambie, ule mpira wa mfuniko ukoje, umekauka au bado unavutika? Ukiwa na nyufa badilisha kwanza, usipike kabla. Kile kitundu cha mvuke ulishawahi kukichungulia kwenye mwanga uone kama kiko wazi? Ulihesabu dakika kuanzia wapi? Uliloweka? Mafuta uliweka? Mama anaendeleaje na magoti? Na lile jambo la Salome liliishia wapi, mbona voisi ilikatika palepale lilipoanza kunoga? Utakuja lini tupike wote?

Nijibu leo, hata voisi fupi, na uanze na mkono.

Wako,
Rehema