Risala ya Kina Mama wa Mukuru kwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Watoto

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, walimu, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliotuimbia tangu asubuhi, tunawasalimu kwa heshima. Karibu Mukuru, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, mheshimiwa. Umeruka mitaro na matope ili utufikie, nasi tumeliona hilo.

Kikundi chetu kilianza na sufuria moja ya uji. Mwaka 2022 tuliona kwenye ploti zetu watoto tusiowajua. Walitoka Kitui, wengine Marsabit na Turkana. Mvua ilikuwa imekosekana misimu mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na kabla ukame huo haujaisha misimu ikawa 5, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Rais alikuwa ameshautangaza kuwa janga la taifa Septemba 2021. Kule mbuzi ndiye karo, ndiye maziwa. Akifa, mama hufunga virago.

Yupo msichana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Siku yake ya kwanza kwetu tuliwamiminia watoto maji wanawe kabla ya uji. Yeye aliweka kikombe chini ya mikono yake, akayakinga yale maji machafu, akauliza ayapeleke wapi. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi tulidhani tunajua shida ya maji. Mama yake hufulia watu nguo South B, na asipopata kazi, msichana hubaki na mdogo wake mgongoni, shule akaikosa.

Mheshimiwa, ukame huhesabiwa katika kaunti 23 zilizo kame. Mtoto akishashuka basi Nairobi, hesabu ile humwacha nyuma. Huku anaonekana mtoto wa mtaa kama wenzake, ila yeye hana shangazi wala jirani wa zamani wa kumkimbilia.

Linalotuuma zaidi ni cheti cha kuzaliwa. Wengi wao walizaliwa nyumbani. Kadi ya kliniki hakuna, na anayewajua ni naibu chifu wa kule kwao, nauli ya kumfuata haipo. Bila cheti, kumsajili mtoto kwenye mfumo wa wizara ni taabu, na mtihani wa Gredi ya 6 unakuja. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na elimu ya msingi bila malipo. Tunakuomba utuletee maafisa wa usajili hapa ukumbini, hata kwa siku moja, wakae na chifu wetu na kuwapigia simu manaibu chifu wa kule, ili mama asirudi Marsabit kutafuta barua.

Chakula pia. Tangu 2023, wanaosoma shule za msingi za umma hupata mlo wa Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha shuleni, kwa shilingi 5, na tunashukuru kwa dhati. Watoto wetu wengi wako shule za mabati, zisizo za umma, na huko bado tunategemea sufuria yetu. Tusemee.

Mheshimiwa, daftari hili lina majina ya watoto wasio na vyeti, kijiji alikotoka kila mmoja, na namba ya simu ya mama yake. Jina la kwanza ni la msichana wa kikombe. Tunaomba ulipokee.