Hiyo 4.18 ilipimwa na nani?

Kwa Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wa Pwani wanaotafuta ufadhili wa masomo Marekani kupitia futiboli ya Kimarekani, na nimekwama pale mlipochapisha matokeo yao ya vipimo bila kusema yalipimwaje. Mmoja wa waliopewa vyeti kwenye kambi ya Julai walikopimiwa ni mpwa wangu. Cheti chenyewe ninacho hapa mezani, mamake ameshakitia plastiki kisiingie maji. Kinasema kijana huyu wa miaka 17 amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.18.

Hebu tuitazame hiyo 4.18. Kila mwaka NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huwakusanya wachezaji bora wanaotoka vyuoni kule Indianapolis, wakapimwa mbio, kuruka juu, kuruka mbele, kugeuka baina ya koni, na kunyanyua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102. Kinachotangazwa zaidi ni mbio za yadi 40. Mwaka 2017 John Ross alikimbia 4.22, na rekodi hiyo ikakaa mpaka Machi 2024, Xavier Worthy wa chuo kikuu cha Texas alipoishusha hadi 4.21. Kwa hesabu ya cheti hiki basi, mtu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kupimwa kule anaishi Tudor, anavaa viatu vya raga vya kuazima, na asubuhi humshinda hata kuiwahi matatu ya shule.

Si Worthy peke yake aliyeachwa nyuma. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 ya 9.58 Berlin mwaka 2009, alipita mita 30 kwa 3.78 na mita 40 kwa 4.64. Yadi 40 ni mita 36 na sentimita 58. Pigeni hesabu, mtoe na ile 0.146 aliyotumia kuitikia mlio wa bastola, kwa sababu mbio za yadi 40 hazina bastola. Mtapata kama 4.2. Mpwa wangu anampita Bolt, tena juu ya nyasi zenye vishimo.

Nilikuwa mwalimu, na miaka mingi nimeshika saa kwenye mashindano ya riadha ya shule hapa Mombasa. Siku ya kambi nilisimama pembeni, chini ya mwarobaini, nikaona kila kitu. Aliyeweka alama za kuanzia na kumalizia alihesabu hatua arubaini. Alitembea kama anavyotembea mtu yeyote, na hatua ya namna hiyo haifiki yadi. Watu walipotawanyika nilipima kwa futikamba nikapata mita 33 na ushei. Zaidi ya mita tatu zilikuwa zimeliwa kabla kijana hata hajainama.

Halafu ile saa. Aliyeishika alikuwa mmoja, amesimama mwishoni, na alitakiwa kuianzisha pale mkimbiaji anapotikisika. Jicho lione, kichwa kiamue, dole gumba libonyeze: hapo muda umeshapita na saa haijaanza. Kwenye kumaliza mambo hugeuka, kwa sababu mshika saa anamwona mkimbiaji akija na dole linamtangulia mstarini. Ukichelewa kuanza na ukawahi kumaliza, kila mtu anakuwa na mbio. Ndiyo maana riadha ina sheria zake. Muda wa mkono katika mita 100 ukitaka kuulinganisha na wa umeme unauongeza 0.24. Saa zinakuwa tatu, na zikitofautiana zote huchukuliwa ile ya katikati. Na muda wa mkono hauandikwi kwa sehemu za mia, unasogezwa juu hadi sehemu ya kumi inayofuata. Kwa hiyo cheti kinachosema 4.18 kwa saa ya mkono kimejishtaki chenyewe. Mshika saa aliyefundishwa angeandika 4.2 hata kama umbali ungekuwa sahihi.

Na kulikuwa na upepo. Ilikuwa Julai, uwanja uko kando ya bahari, kusi linavuma jinsi linavyojua kuvuma mwezi huo, na vijana walipangwa wakimbie limewaegemea mgongoni. Katika riadha upepo ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi haikubaliwi. Pale hapakuwa na wa kupima upepo, na nilipouliza nilitazamwa kama mzee aliyepotea njia ya msikitini.

Sisemi haya kwa kumdharau mtoto. Mtoto ana mbio kweli. Baadaye nilimpima mwenyewe asubuhi mapema, upepo umetulia, umbali wa futikamba, saa tatu mikononi mwa walimu wenzangu. Alitoka na 4.8. Kwa kijana wa miaka 17, mwenye kilo 71, aliyekula viazi vya karai usiku uliopita, hiyo ni mbio ya kuheshimika na ya kujengea. Lakini dada yangu hakutaka kuisikia. "Wewe kaka unamvunja moyo mtoto," aliniambia, akakirudisha cheti kwenye bahasha yake. Wazazi wengine walifanya hivyo hivyo, na siwalaumu. Wamelipa Sh3,500 kila mmoja na wanataka kuamini walichonunua.

Mchezo huu wa kupamba muda hatukuubuni sisi. Marekani kwenyewe, shule za sekondari zimejaa vijana wanaodai 4.4 na makocha wao wa nyumbani wanaoapa kwamba ni kweli. Makocha wa vyuo wamezoea. Wanachofanya ni kuwaita vijana kwenye kambi zao wenyewe wakati wa kiangazi, wawapime kwa saa zao, wawapime kimo na uzito, na wawaone wakifanya kazi na makocha wa nafasi zao. Au hutafuta muda wa mita 100 aliokimbia kijana kwenye mashindano rasmi yenye saa za umeme, kwa sababu huo hauna shangazi wala mjomba.

Kuna jambo jingine makala yenu haikuligusa. Hata namba ikiwa ya kweli, inamwambia kocha nini? Turudi kwa John Ross. Mwaka ule ule wa 2017, katika nafasi ile ile ya mdakaji, alikuwepo kijana mwingine aitwaye Cooper Kupp. Alitoka sekondari bila nyota hata moja kutoka kwa wale wanaopanga vijana kwa nyota, akaenda chuo kisicho na jina kubwa, Eastern Washington. Indianapolis alikimbia 4.62, ambayo kwa mdakaji ni pole. Kwenye drafti, ule mgao ambao timu huchagua wachezaji kwa zamu, Ross alichukuliwa wa 9 na Cincinnati. Kupp alingoja mpaka wa 69, akaenda Los Angeles Rams. Ross aliandamwa na majeraha na katika maisha yake yote ya NFL hakufikisha yadi 1,000 za kudaka. Kupp, mwaka 2021 peke yake, alidaka mipira 145 akapata yadi 1,947, na Februari 2022 Rams walipolinyakua taji la Super Bowl yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali. Waliofungwa siku hiyo walikuwa Cincinnati.

Kupp alikuwa na nini ambacho saa haikukiona? Alijua kuisoma ngome ya wapinzani kabla mpira haujaanzishwa, alijua kupunguza mwendo ili beki apunguze kisha amwache, na mikono yake ilikuwa haiangushi. Vitu hivyo huonekana kwenye video za mechi, na waliozitazama kwa makini walimjua. Tom Brady naye alikimbia 5.28 mwaka 2000, akachaguliwa wa 199, akaja kushinda mataji saba. Huyo lakini ni mfano uliochoka, kila mtu anautaja, na kwotabeki kama yeye, yaani mrusha mpira, halipwi kwa mbio.

Msinielewe kwamba vipimo ni upuuzi. Mtu wa kilo 130 anayekimbia sekunde 5 kamili ni kiumbe wa ajabu, na hutamjua ukimtazama tu amesimama kwenye kona ya Mwembe Tayari. Kijana anayecheza na wapinzani dhaifu, video yake itamwonyesha akiwapita wote, na kocha hatajua kama ana mbio au kama wengine hawana. Hapo namba inasaidia. Kazi yake ni kuhakikisha kile jicho limekwisha kukiona, au kumfanya kocha arudi kuitazama video mara nyingine. Kocha akiona 4.4 kwenye karatasi na kwenye video anaona mtu anayekamatwa kutoka nyuma, huamini video.

Mkenya wa kwanza kucheza NFL, Daniel Adongo, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani kabla ya hapo. Alikuwa mchezaji wa raga, na mechi zake za raga ndizo zilizomuuza: jitu refu, zito, linalokimbia na kugonga watu mbele ya kamera. Hata hivyo alicheza mechi chache tu, kwa kuwa mchezo wenyewe ni mgumu kujifunza ukubwani. Hilo nalo wazazi waambiwe.

Tangu NFL ilete kambi yake Nairobi Aprili 2023, hamu imepanda mpaka huku kwetu, na penye hamu hapakosi wachuuzi. Waandaaji wa kambi ya Julai sitawataja. Nitasema tu walichouza: karatasi yenye namba sita, muhuri, na ahadi kwamba "vyuo vitapiga simu". Hakuna aliyerekodi hata dakika moja ya mpwa wangu akicheza raga. Hakuna aliyeuliza alama zake za darasani, wakati NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo, inamtaka mchezaji wa Divisheni I, daraja lake la juu, awe na masomo 16 ya msingi kutoka sekondari na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4 katika hayo. Hakuna aliyewaambia wazazi kwamba vyuo vya Divisheni III, na viko mamia, havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Mtoto anaweza kualikwa na chuo kikaleta barua nzuri, na bado mzazi akadaiwa karo yote kwa dola. Kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi, barua kama hiyo ni deni lililovaa suti.

Ningekuwa na kijana anayetaka njia hii, zile Sh3,500 ningempa mtu mwenye kamera nzuri asimame juu, siyo pembeni mwa uwanja, arekodi mechi nzima na siyo vipande vya kushangilia tu. Makocha wanataka kuona kijana anafanya nini baada ya kuangusha mpira. Kisha ningehakikisha anakimbia mita 100 kwenye mashindano yoyote yenye saa ya umeme, hata ikibidi kupanda basi mpaka Nairobi. Ferdinand Omanyala alianzia kwenye raga kabla ya kuwa mtu wa 9.77, na hiyo 9.77 haina anayeibishia kwa sababu saa ilikuwa ya umeme na kipima upepo kilikuwepo.

Kwa kaunti yetu nina ombi dogo. Miale ya kupimia muda, ile inayokatwa na mwili wa mkimbiaji, ikiwekwa seti moja kwenye uwanja mmoja wa umma, shule zote za Mombasa zitatumia kwa zamu, na wachezaji wa kandanda, raga na mpira wa vikapu watafaidi, siyo hawa wachache wenye ndoto ya Marekani. Ingewekwa na futikamba ya chuma hapo hapo, maana hiyo ndiyo iliyokosekana zaidi.

Na kwenu, Mhariri: mkichapisha tena muda wa kijana, andikeni pembeni yake umepimwa kwa mkono au kwa umeme, umbali ulipimwa na nini, na upepo ulikuwaje. Ni mstari mmoja tu. Nimesikia waandaaji wale wale wanarudi mwezi ujao, na ada imepanda. Nitakwenda. Nimeshawaandikia kuwaomba ruhusa ya kupima uwanja kabla vijana hawajakimbia, na mpaka leo sijajibiwa.

Mwalimu mstaafu,
Tudor, Mombasa