Barua kwa mjomba mpiga dufu

Mjomba,

Assalaam aleikum. Natumai goti limepoa.

Siku ile barazani, baada ya maulidi, ulinifunga mdomo mbele ya watu, nami kwa heshima yako nikanyamaza. Ulisema mshairi ana kazi tatu tu: kusifu, kuasa na kuliwaza, na abaki kwenye harusi. Akiingia siasa, ushairi wake unakufa na yeye anabaki mpiga domo wa mikutanoni. Nilikuwa nimekutajia jina moja la mshairi wa Iran, Reza Baraheni, ukanijibu, "Basi huyo ndiye mfano wenyewe." Nimekaa na maneno hayo wiki mbili. Sasa nakujibu, na nakujibu hadharani kwa kuwa nawe ulinikanya hadharani. Utanisamehe.

Baraheni alizaliwa Tabriz, kaskazini-magharibi mwa Iran, mwaka 1935. Wanaomwita mshairi wa Kiajemi hupita haraka hapa, na hapa ndipo kisa kilipo: Kiajemi hakikuwa lugha ya mama yake. Kwao kilisemwa Kituruki cha Azabajani. Baada ya vita vya pili vya dunia watu wa Tabriz walijiundia serikali yao, ikadumu mwaka mmoja, watoto wakasomeshwa kwa lugha ya nyumbani. Desemba 1946 jeshi la Shah, mfalme wa Iran, likarudi, na lugha ile ikafukuzwa madarasani. Baraheni alisimulia kwamba akiwa mtoto wa shule aliandika gazeti la ukutani kwa Kituruki, na mkuu wa shule akamlazimisha kuuramba wino ule kwa ulimi wake.

Niliposoma hayo nilikumbuka kile kibao tulichokuwa tukivishwa shingoni shuleni kwetu. Ukisikika unasema lugha ya nyumbani unakivaa, nawe unamvizia mwenzako umpe, na atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Mimi nilikivaa kwa kumwambia rafiki yangu "nipe maji". Wewe ulipokiona ulicheka ukasema enzi zenu kilikuwa kizito zaidi. Sasa niambie, Mjomba: mtoto aliyerambishwa wino aliingia siasa lini?

Lakini hakukimbilia mikutanoni. Alisoma. Alipata udaktari wa fasihi ya Kiingereza Istanbul, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Tehran, akaandika uhakiki wa mashairi uliowafanya washairi wenzake wamwogope. Alikuwa na ulimi mkali, hata waliompenda hawakatai. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Waandishi wa Iran, kilichokuwa mkusanyiko wa watu wanaotaka vitabu vyao vichapwe bila kalamu ya afisa kupita katikati.

Mwaka 1973 aliandika makala kuhusu utamaduni wa anayetawala na utamaduni wa anayetawaliwa. Unaona alikotoka nayo. Polisi wa siri wa Shah, SAVAK, wakamchukua. Alikaa kwao siku 102, akachapwa nyayo. Waandishi wa nje wakapiga kelele, naye akaachiwa, akaenda Marekani na mashairi aliyoyatoa gerezani.

Hapo nikupe haki yako. Mengi ya mashairi yale ya jela ni makavu. Nimeyasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda utamu ulimwagika njiani, ila hata hivyo unaona mtu anayetaka tu kusema walichomfanyia, kwa mpangilio, kama anayetoa ushahidi. Tena ushahidi alitoa kweli: mwaka 1976 alizungumza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu mateso katika jela za Shah, wakati Marekani hiyohiyo ndiyo iliyomuuzia Shah silaha. Miaka ile aliandika makala na kuhutubia vyuoni kuliko alivyotunga. Ungemkuta wakati ule ungesema umeshinda.

Ila unisikilize hapa. Abdilatif Abdalla wetu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, hadi 1972, kwa karatasi aliyoiandika dhidi ya serikali, na jela alitunga kwenye karatasi za chooni. Alipotoka akahama nchi. Wewe mashairi yake unayajua kwa moyo, umenikaririshia mimi nikiwa sijabalehe, na hujasema hata siku moja kwamba siasa iliyaua. Kwa nini jirani umsamehe na wa mbali umhukumu?

Shah aliondoka Januari 1979 na Baraheni akarudi kwao mwaka huohuo. Walioleta mapinduzi hawakuchelewa kumwonyesha kwamba kilichobadilika ni mlinda mlango. Walimfunga tena, wakamfukuza chuoni. Na kwa kuwa ulisema mshairi abaki kwenye harusi: mwenzake wa Chama cha Waandishi, mshairi Saeed Soltanpour, alikamatwa Aprili 1981 akiwa katika harusi yake mwenyewe. Juni akapigwa risasi.

Basi Baraheni akafanya nini? Alifungua darasa chini ya nyumba yake Tehran. Vijana wanashuka ngazi, wanakaa, wanasoma mashairi, wanakosoana. Wengi wa washairi wa kizazi kile walipita pale. Mwaka 1994 waandishi 134 walitia saini barua iliyoanza kujulikana kwa jina la "Sisi ni waandishi", na yeye alikuwa miongoni mwa walioiandika. Walichotaka ni kuandika bila kukaguliwa na kukusanyika bila kuitwa wapanga njama. Hawakudai cheo wala kutaja chama. Wawili kati ya waliotia saini, Mohammad Mokhtari na Mohammad-Ja'far Pouyandeh, waliuawa na maafisa wa usalama Desemba 1998. Mokhtari alikuwa mshairi. Wewe uliita hiyo siasa, mimi sijui niiite nini. Mvuvi akidai aachiwe bahari, je, ameingia siasa?

Sasa nifike nilipokuwa natamani kufika tangu mwanzo wa barua. Mwaka 1995, karibu na kuondoka kwake, alitoa kitabu cha mashairi ambamo mna shairi moja linaitwa "Daf". Mjomba, ndilo dufu. Dufu lilelile linaloning'inia ukutani kwako, la ngozi na mzingo wa mti. Shairi zima ni mtu anayeamrisha lipigwe usiku wa manane chini ya mwezi, na halielezi kitu. Halimtaji Shah wala sheikh, halina jela wala kiboko. Herufi zenyewe zinagonga, zinarudi, zinagonga tena, na katikati jina la ngoma amelifanya kitenzi, kitenzi ambacho Kiajemi hakikuwa nacho. Ni kama wewe uwaambie vijana wako, "Haya, tudufu!" nao wakuelewe.

Mtu wa miaka sitini, amefungwa na tawala mbili, amefukuzwa kazi, anaandika kwa lugha ambayo alirambishwa wino ili aifuate, na anaifinyanga hivyo hadi wenyewe wanashtuka. Siasa ingekuwa imemuua mshairi yule, shairi hili lingetoka wapi?

Mwaka 1996 aliondoka Iran, na mwaka uliofuata akafika Kanada. Akawa mwenyekiti wa chama cha waandishi cha PEN huko, akitetea waandishi waliofungwa kwingine. Hakurudi tena. Miaka ya mwisho maradhi ya kusahau yalimshika, na kwa mtu wa maneno sijui kama kuna jela kubwa kuliko hiyo. Alifariki Toronto Machi 2022, siku chache baada ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, jina lilelile la Nairuzi ambayo manahodha wetu wa zamani walihesabia pepo za safari.

Alhamisi nakuja baada ya Isha. Ninayo sauti yake kwenye simu akilisoma shairi lile. Kiajemi hujui, hata mimi sijui, na sitakutafsiria. Litungue tu dufu ukutani, uliweke karibu na jiko la kahawa ngozi ipate joto kabla sijafika.

Mpwa wako