Begi la viraka: ile mistari ya mshono sio "ukipenda"

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ushonaji naufuatilia sana na huwa naupenda, ila yale maelekezo ya begi la viraka mliyotoa juzi yamenilazimu niandike, maana mmefika kwenye hatua ya muhimu kuliko zote mkapita kama hamjaiona. Mmesema unga viraka, weka tabaka la pamba ya kujazia katikati, weka bitana, halafu "ukipenda" piga mistari ya mshono juu yake kama pambo. Ukipenda vipi jamani? Bila hiyo mistari, pamba inahama humo ndani, ukifua mara kadhaa inajikusanya chini, na mzigo wote unabebwa na vishono vya viraka peke yake, siku kimoja kikifumuka ndio basi tena. Mistari ndio inabana matabaka matatu yanakuwa kitu kimoja, uzito unasambaa na begi linasimama lenyewe. Askari wa Ulaya enzi za kati walivaa makoti ya kitambaa kilichojazwa na kupigwa mistari hivihivi chini ya deraya zao, na sidhani kama walikuwa wanatafuta urembo.

Halafu kuna mpangilio wenyewe wa kazi. Nyie mmekata upande wa mbele na wa nyuma kwa vipimo kamili ndipo mkagusia mistari, sasa mtu akifuata hivyo ataishia na vipande viwili visivyolingana, kwa sababu ukishapiga mistari juu ya pamba kitambaa kinapungua, na hakipungui sawa kila mahali. Kata vikubwa kwanza, acha hata sentimita 3 kila upande, piga bandi (mishono mirefu ya muda) matabaka yote matatu au yabane kwa pini za usalama, anzia mistari katikati ukielekea pembeni ili makunyanzi yasukumwe nje, na ukimaliza ndio uchukue rula ukate saizi ya begi. Nafasi kati ya mstari na mstari mimi napendelea sentimita 3 mpaka 5 kwa begi, ikizidi hapo linaanza kulegea. Mshono uwe mrefu kidogo, kama milimita 3, na sindano namba 90, au 100 kama vitambaa ni vizito.

Na vitambaa vyenyewe! Kwenye picha naona mahameli, satini na kile kizito cha mapazia vyote kwenye begi moja, kweli linapendeza, lakini mnamwambia mtu aache milimita 6 tu za kitambaa nje ya mshono. Hiyo ni ya viraka vya kitambaa cha pamba tupu, kwa hivyo iko sawa kabisa. Satini inafumuka nyuzi ukiiangalia tu, iachie sentimita nzima na uibandike kwa pasi kitambaa chenye gundi kwa nyuma, pasi isiwe kali, hapo itaweza kukaa na jirani yake mzito bila kuvutwa. Mahameli usiipige pasi usoni, manyoya yatalala na hayainuki tena, na angalia manyoya yote yaelekee upande mmoja la sivyo viraka vya rangi moja vitaonekana kama rangi mbili. Nyekundu na bluu iliyokoza zijaribu kwanza kwenye maji, kipande kidogo tu na kitambaa cheupe pembeni, kama zinatoa rangi utajua mapema kabla hazijaharibu kila kitu.

Kupiga pasi mishono ya viraka mmeeleza vizuri sana, safu moja ilale kulia na inayofuata kushoto ili kwenye makutano pasivimbe, hapo sina neno.

Mikanda sasa. Mmeishonea juu ya ukingo baada ya bitana kuingia, ndio maana hata kwenye picha yenu mmoja umeshaanza kukunja kitambaa. Ingizeni ncha zake kati ya begi na bitana kabla ya kufunga mdomo, kisha mshono wa mraba wenye msalaba katikati upite mpaka kwenye pamba. Mkirudia hayo maelekezo naomba mtupigie na picha ya ndani ya begi, kwa nje kila begi linapendeza.

Msomaji wenu, fundi wa nyumbani